Orodha ya zawadi za harusi Mtwara: daftari la duka, jedwali la simu, au lipa namba?

BintiMikindani

Habari za jioni ndugu zangu. Naolewa Desemba, sherehe ni hapa Mtwara mjini, na mwenzangu kapangiwa kazi Newala kwa hiyo tutaanzia maisha huko. Naomba msaada kwenye suala la zawadi.

Dada yangu aliolewa bila orodha yoyote. Kesho yake mimi ndiye niliyefungua maboksi: seti za glasi saba, majagi ya umeme manne, saa za ukutani tano, tatu kati ya hizo za aina moja kabisa. Godoro hakuna. Jiko hakuna. Walilala kwenye mkeka uliotandikwa shuka mpya za zawadi mpaka shemeji alipopokea mshahara. Waliotoa walitoa kwa moyo, na baadhi najua walijinyima. Ndiyo maana iliniuma.

Njia nilizoziona ni tatu. Kuna duka la vyombo jirani na soko, wao wanafungua daftari la bibi harusi, mtu anakuja analipia kitu na kinafutwa. Kuna kutengeneza jedwali la Google Sheets na kulitupia kwenye magrupu ya WhatsApp. Na kuna kutangaza namba tu, watu watume pesa. Mama yeye anapinga zote, anasema mgeni haelekezwi cha kubeba. Waliopitia naomba mnisaidie.

MamaChuno

Hongera sana mwanangu, Mungu akutangulie.

Sisi tulitumia jedwali la mtandaoni kwa harusi ya mwanangu wa kwanza. Uzuri wake ni kwamba mtu wa Dodoma na mtu wa Masasi wanaona kitu kilekile kwa wakati mmoja. Ila tulikosea mahali pawili. La kwanza, tuliacha kila mwenye kiungo aweze kuandika. Usiku mmoja mtu kafuta mistari kumi na kitu, nadhani kwa kidole tu, na tukapoteza majina ya waliokwisha kujitolea. Wape watu ruhusa ya kuangalia tu, kuandika abaki mmoja.

La pili ndilo zito zaidi. Tuliweka jina la mtoaji mbele ya kila kitu. Shangazi mmoja mjane aliona wenzake wameandikwa friji na kabati, yeye ana uwezo wa sufuria, basi hakuandika chochote na hata ukumbini hakuja. Nilikuja kujua miezi baadaye. Kwa hiyo andika "kimechukuliwa" basi, jina libaki kwa anayetunza orodha.

MwalimuNachingwea

Dada, umesema Desemba, na hapo ndipo ningeanzia. Ndugu zetu wengi wanaishi kwa korosho, na minada kwa kawaida inaanza Oktoba. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hapati pesa siku anayopeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Anasubiri mnada, halafu anasubiri malipo yaingie benki. Ukitoa orodha Septemba ukataka watu walipie kabla ya mwisho wa Oktoba, umewaacha nje wajomba zako wa Tandahimba wote, na hao ndio wenye nia ya kutoa kitu kikubwa.

Kwa hilo daftari la duka linashinda, kama mwenye duka anakubali kushika kitu kwa kianzio. Mjomba anatanguliza kidogo, jina linaandikwa, anamalizia malipo ya korosho yakitoka. Harusi ya mdogo wangu ilikwenda hivyo na hakuna aliyeona aibu. Jedwali la simu halijui kusubiri msimu.

DadaLigula

Daftari la duka, ndiyo, lakini upate risiti! Kwangu watu walilipia jiko la gesi, siku ya kuchukua naambiwa yameisha na bei imepanda, niongeze. Daftari lilikuwa la kwake, kalamu yake, mimi sina ushahidi. Kila anayelipia apige picha risiti akutumie siku hiyohiyo, na bei iandikwe kwenye mstari wa kitu.

MlindiUghaibuni

Salamu kutoka Marekani, kwetu ni Lindi mjini. Huku mambo haya ni ya zamani: duka la Marshall Field's la Chicago ndilo linalotajwa kuanzisha orodha ya aina hii mwaka 1924. Maharusi wanachagua vitu dukani, duka linashika orodha, na kila kinachonunuliwa kinaondolewa ili mwingine asikirudie. Utaona ndilo daftari la hapo sokoni. Siku hizi ziko tovuti kama Zola, iliyoanza 2013, na Amazon nao wanayo yao.

Rafiki zangu wa huku waliniuliza nifungue moja kwa ajili ya mpwa wangu. Nilikataa. Kitu kikinunuliwa huku kinataka kusafirishwa, kulipiwa ushuru, halafu kipande barabara ya kusini. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara kukatika pale Somanga, mzigo wetu mmoja ulilala njiani siku nyingi na boksi likalowa. Walio nje tunafaa zaidi kutuma pesa kwa mtu mmoja mwaminifu, tukisema kabisa: hii ni ya kitanda. Akinunua, atume picha. Hiyo picha ya kitanda kikiwa ndani ya nyumba nimeitunza mpaka leo.

FundiShangani

Namba tupu mimi siipendekezi. Pesa ya zawadi ikiingia simu ileile ya michango ya kamati, inakwenda kulipa ukumbi na mziki bila mtu kukusudia ubaya. Kama lazima, iwe laini nyingine kabisa, na jina linalotokea mtu anapotuma liwe la mtu anayefahamika kwa wageni, la sivyo wengi wataghairi hapohapo.

MkeWaNewala

Wote mmeongelea njia, mimi naongelea vitu. Mwanangu unakuja Newala. Huku juu maji yanapandishwa kwa pampu kutoka Mitema, na kuna siku bomba linakohoa hewa tupu. Nilikuja na dina seti mbili na sina ndoo yenye mfuniko. Niliazima ndoo kwa jirani mwezi mzima, bibi harusi nina hina mkononi.

Andika simtanki. Usione haya, waite kikundi cha mama zako wa kicheni pati waungane wanunue moja, ile ya lita 1,000 inawatosha wawili. Andika madumu, ndoo, na beseni kubwa. Na kila kitu kizito kinunuliwe Masasi au hukuhuku Newala, kisinunuliwe Mtwara mjini halafu mkodi gari la kupandisha mlima. Kama duka lako la sokoni halina tawi huku, vitu vikubwa usiviweke kwenye daftari lao.

Kuhusu mama yako: hakosei. Bibi yangu naye alikuwa hivyo. Ila kwetu somo wa binti, yule mama anayemfunda, ndiye siku zote aliyewaambia wanawake nini kimepungua ndani. Orodha haikuwa kwenye karatasi, ilikuwa kinywani kwake. Mpe yeye kazi hiyo, bibi harusi usitangaze mwenyewe, uone kama mama atakataa.

MamaChuno

Hapo kwenye somo umenena, dada. Na atabeba na wazee wasio na simu janja.

BintiMikindani

Asanteni mno, nimesoma yote na mama akiwa pembeni. Tumekubaliana hivi. Somo wangu anashika daftari, ndiye atakayepigiwa simu na ndiye pekee anayejua majina. Vyombo vidogo viende duka la sokoni, risiti zikipigwa picha. Simtanki, godoro na jiko vinunuliwe Masasi, kwa kikundi cha kicheni pati na kwa pesa ya walio mbali, kupitia laini ya somo ambayo kamati haiigusi. Jedwali nitaliweka kwa marafiki wa chuo tu, la kuangalia, bila majina. Na hakuna mwisho wa kulipia mpaka wiki ya harusi, kwa ajili ya wajomba.

Mama aliponyamaza niliposema somo ndiye atakayezungumza na watu, nilijua amekubali. Baadaye akauliza kama simtanki ya bluu inapatikana.

Leo jioni somo kanunua daftari la kurasa 96. Mstari wa kwanza kaandika mwenyewe: ndoo mbili za lita 20, zenye mfuniko. Mbele yake kaweka jina lake.