Skopu (darubini ya bunduki) gani ya bei nafuu kwa .30-06? Naombeni ushauri

Msasi wa Sikonge
Wakuu habari za jioni. Nina bunduki CZ 550 ya risasi za .30-06, mpaka leo natumia saiti zake za kawaida ila macho yameanza kugoma, mita 80 tu napata shida kuona bega liko wapi na sitaki kujeruhi mnyama akaenda kufia porini. Nawinda kwa leseni ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori), zaidi swala pala, ngiri na kongoni, na pori letu ni miombo tupu. Kuna jamaa ananiuzia skopu ya 6-24x50 (inakuza mara 6 mpaka 24, lenzi ya mbele milimita 50) yenye taa nyekundu na kijani, anasema inavuta mpaka mita 1000, bei yake nusu ya Vortex Crossfire II 3-9x40. Leupold VX-Freedom naisikia nayo ila bei imechangamka. Nichukue ipi pesa yangu isipotee?

Mzee wa Vichaka
Mkuu achana na hiyo 6-24. Kwenye miombo hiyo mita 1000 utaipatia wapi? Mara nyingi unapiga mita 50 mpaka 120 basi, na 6 ndo ya chini kabisa kwenye hiyo skopu, sasa kongoni akitokea mita 40 utaona manyoya tu hujui ni bega au tumbo. Ile 3-9 ukiiweka 3 unapata upana wa kama mita 11 kwa umbali wa mita 100, unamwona mnyama mzima na aliyesimama nyuma yake pia, na huyo wa nyuma ndo wa kuangalia sana maana .30-06 inaweza kutoboa ikatoka upande wa pili ikampata ambaye huna leseni yake.

Halafu mwanga. Chukua upana wa lenzi ya mbele gawanya kwa ukuzaji, 50 kwa 24 unapata milimita 2, ndo upana wa mwanga unaofika jichoni, jioni utaona giza. Ile 3-9x40 ukiiweka 4, 40 kwa 4 ni milimita 10, zaidi ya ambazo jicho lako linaweza kupokea. Hizo taa za rangi hazisaidii kitu kama vioo ni vibovu. Angalia iandikwe fully multi-coated (vioo vyote vimepakwa tabaka za kupitisha mwanga) na iwe imejazwa gesi ya naitrojeni au agoni isije ikaingia ukungu ndani. Mimi ningechukua Crossfire, hela ikiruhusu Leupold, kwa wepesi wake na uimara inalipa.

Fundi Mtutu
Naunga mkono mzee, ila kaka kabla hujalipa skopu yoyote ulizia ringi (vishikizo vya kufungia skopu kwenye bunduki) kwanza. CZ 550 ina reli yake ya milimita 19 imechongwa juu ya bunduki yenyewe, ringi za weaver (aina nyingine ya reli) zilizojaa madukani hazikai pale hata ukilazimisha, tafuta zilizoandikwa CZ 550. Weka bajeti ya ringi nzuri za chuma, kuna mteja aliniletea skopu nzuri kabisa analalamika haishiki shabaha kumbe ringi zimelegea kwa mitikisiko ya barabara ya vumbi. Skrubu kaza kidogo kidogo kwa kupishana, usitumie nguvu, bomba la skopu ni alumini linabonyea.

Mnyamwezi Minnesota
Huku Marekani msimu wa kulungu kwa bunduki unaanza Novemba na hata huku kwenye mashamba ya wazi 3-9x40 ndo watu wengi wanatumia, hiyo Crossfire ni rahisi kuliko Leupold, na zote mbili zina garantii ya maisha. Cha kuangalia kingine ni nafasi ya jicho (umbali kati ya jicho na skopu), .30-06 ina teke, hakikisha inakupa sentimita 9 au 10 isije ikakupasua nyusi. Ila ndugu usimwambie mtu wa huku akuwekee kwenye begi, skopu za bunduki Marekani zinadhibitiwa na kuzitoa nje kwa nchi nyingi kunahitaji leseni. Na hapo nyumbani pitia kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kitabu chako cha bunduki uulize kabla ya kuagiza.

Msasi wa Sikonge
Nashukuru sana wakuu, 6-24 nimeiacha. Fundi, kuilenga nianzie wapi maana risasi ni ghali?

Fundi Mtutu
Toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga isitikisike, chungulia ndani ya mtutu uone shabaha ya mita 25 ikae katikati, halafu bila kuigusa bunduki zungusha vitasa vya kurekebishia skopu mpaka msalaba wa skopu uje palepale. Hapo utakuwa hujatumia risasi hata moja. Piga risasi 3 kwa mita 25 urekebishe, nenda mita 100. Kila klik ya robo MOA (kipimo cha pembe) inasogeza karibu milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo ukiwa umekosea sentimita 7 ni klik 10. Iache ipige sentimita 5 juu kwa mita 100, mpaka 180 hivi utalenga bila kukisia. Tumia risasi zilezile utakazowindia, ukibadilisha aina au uzito rudia kupima.