df inasema diski imejaa, du inasema nafasi ipo tele: niamini ipi?

nukta_mkato aliandika:

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wengine habari za kazi. Nina seva ya Ubuntu yenye patisheni moja ya 40G, mfumo wa mafaili ni ext4. Tangu alfajiri hifadhidata haiandiki kitu, na kila nikibonyeza Tab kwenye terminali napata hii:

`-bash: cannot create temp file for here-document: No space left on device`

`df -h /` inasema zimetumika 38G, zimebaki 0, yaani 100%. Sawa, imejaa. Lakini `sudo du -xsh /` inanipa 9.2G tu! Kuna gigabaiti karibu 29 sijui ziko wapi. Mwenzangu wa zamu iliyopita ameacha ujumbe kwamba alikuta logi moja (faili ambamo programu huandika matukio yake) imevimba, akaifuta kwa `rm`, na df haikushuka hata kidogo.

Kuna programu ya Java inayohudumia wateja humo humo, kwa hiyo kuizimazima ovyo siwezi. Nianzie wapi?

haraka_haraka alijibu:

Piga reboot mkuu, ikirudi utakuta nafasi imejiachia yenyewe. Mimi ndivyo nafanyaga.

mkongwe_wa_mizizi alijibu:

Marahaba, nukta_mkato. Usiiwashe upya kwanza. Haraka_haraka hajadanganya, nafasi itarudi kweli, ila itaondoka na ushahidi wote, na siku si nyingi utakuwa hapa tena na swali hili hili.

Amri zote mbili zinasema kweli. du inapita saraka kwa saraka ikijumlisha mafaili inayoyakuta kwa majina. df haina habari na majina, inauliza mfumo wa mafaili ni bloku ngapi zimeshikwa. Na `rm`, pamoja na jina baya ililo nalo, kazi yake ni kuondoa jina la faili. Data inabaki pale pale mpaka mchakato (programu iliyo kazini) wa mwisho uliolifungua faili hilo ulifunge. Mwenzako ameng'oa kibao mlangoni, mpangaji bado yumo ndani, tena anaendelea kuingiza mizigo.

Piga hii utuletee majibu:

`sudo lsof +L1`

Inaonyesha mafaili yaliyo wazi ambayo hayana tena jina lolote kwenye diski.

Halafu usishangae 38G kati ya 40G kusomeka 100%. Kwa kawaida ext4 humtengea root (mtumiaji mkuu wa mfumo) asilimia 5, na hizo ndizo 2G zako zinazopungua. Ndiyo maana ukitumia sudo mambo mengine bado yanakwenda, huku hifadhidata, inayoendeshwa na mtumiaji asiye root, imekwama. Kama ni MySQL usiiue. Diski ikijaa huwa inasubiri, inachungulia kila dakika kama nafasi imepatikana, ikipatikana inaendelea.

nukta_mkato aliandika:

Ni MySQL kweli. Majibu haya hapa, mstari mmoja tu:

`java 2214 app 7w REG 253,1 30601641984 0 393482 /var/log/mfumo/app.log (deleted)`

mkongwe_wa_mizizi alijibu:

Ndiye huyo. Baiti 30601641984 ni 28.5G, jumlisha na 9.2G zako uone kama hesabu haijakaa. `7w` maana yake mchakato 2214 umelishika faili hilo kwa namba 7, kwa kuandika. Ile 0 inayofuata ukubwa ni idadi ya majina yaliyobaki.

Sasa tulia. Watu wakishaona mstari huu wanakimbilia kusafisha, wakati swali la maana ni kwa nini logi ilifika huko. Faili halina jina, ila linasomeka:

`sudo tail -n 50 /proc/2214/fd/7`

Ukiona kuna kitu cha kuhifadhi, kinakili kwenye diski nyingine kupitia njia hiyo hiyo. Ukimaliza, likate libaki tupu:

`sudo truncate -s 0 /proc/2214/fd/7`

Java haitazimika, na wateja hawatajua kitu. Ila angalia namba mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana ukikosea PID (namba ya mchakato, hapa 2214) au FD (namba ya faili, hapa 7) unafyeka faili la mchakato mwingine, na hapo hakuna kurudi nyuma. Wala usihangaike na `sudo echo > ...`, huo mshale unashughulikiwa na sheli yako, sudo hauhusu, utaambiwa `Permission denied`.

kipima_joto alijibu:

Niongezee kwa atakayefika hapa baadaye. Kwangu ujumbe ulikuwa huo huo wa `No space left on device`, lakini `df -h` ilionyesha nafasi kibao na lsof haikutoa kitu. Kumbe zilizoisha ni inodi, yaani rekodi ambazo kila faili huhitaji moja hata likiwa dogo vipi. `df -i` ikasema 100%. Nikatafuta saraka yenye mafaili mengi kwa `sudo du --inodes -x / | sort -n | tail`, nikakuta utitiri wa mafaili madogo ya sesheni za PHP. `rm *` ilikataa ikisema `Argument list too long`, ikabidi nitumie `find` yenye `-mtime +2 -delete`.

nukta_mkato aliandika:

Wakuu, df imeshuka hadi 25% na hifadhidata imeamka yenyewe, sikuigusa. Kwenye tail mistari yote 50 ni ile ile: `Connection refused` kwenda seva ya foleni. Inaonekana programu inajaribu kuunganisha tena bila kupumua, na kila jaribio inaliandika kwenye logi. Nimewapelekea wenye programu yao. Wakati wanalishughulikia, nikiweka logrotate, ile ya kuzungusha logi zisivimbe, itanitosha?

mkongwe_wa_mizizi alijibu:

Itatosha ukiipanga vizuri. Ukiiacha ilivyo, logrotate inabadilisha jina la faili, Java inaendelea kuandika kwenye lile lile la zamani, na siku likifutwa mnarudi kwenye `(deleted)`. Programu kama nginx unaitumia ishara ya USR1 ndani ya `postrotate` (sehemu ya amri za baada ya mzunguko), inafunga faili na kulifungua jipya. Kama hiyo ya kwenu haina utaratibu huo, weka `copytruncate`, inayonakili logi kisha kulikata faili lile lile. Inaweza kupoteza mistari michache kati ya kunakili na kukata, na kwa logi inayorudia sentensi moja sioni hasara.

Kingine, `size 500M` haimaanishi logrotate inakaa macho ikisubiri faili lifike 500M. Inapima pale tu inapoendeshwa, na kwa kawaida huendeshwa mara moja kwa siku. Logi yenu kwa mwendo huo inajaza diski kabla ya zamu yake kufika, kwa hiyo iendeshe kila saa.

Na kwa kuwa jina la app.log halipo tena, Java bado inaandika gizani, ukifanya `ls` hutaliona na logrotate nayo haitalipata. Tafuta saa yenye wateja wachache, restati huduma hiyo peke yake kwa `systemctl restart`, faili jipya lizaliwe. Kisha jaribu mpangilio wako kwa `sudo logrotate -d /etc/logrotate.d/mfumo`. Hiyo `-d` inaeleza itakachofanya bila kukifanya. Ikikupa kosa lolote, libandike hapa.