Miles Student: kwa nini jeti ya mafunzo ya bei nafuu ilikosa mnunuzi?

MpendaAnga
Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Miles Student iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Mei 1957 huko Shoreham, Uingereza, ikiwa imeundwa na kampuni ya F.G. Miles kwa gharama zake yenyewe, kwa matumaini kwamba jeshi la anga lingehitaji jeti ndogo ya kufundishia marubani, isiyo na gharama kubwa. Mkufunzi na mwanafunzi waliketi bega kwa bega, na injini ilikuwa Marboré ya Kifaransa. Hata hivyo iliundwa moja tu. Ilipungukiwa na nini?

Fundi Mstaafu
Ilikuta nafasi imekwisha kukaliwa. Jet Provost, jeti ya mafunzo ya kampuni ya Hunting Percival, ilikuwa angani tangu Juni 1954, na waundaji wake walitumia mabawa na mkia wa Provost ya pistoni, ndege ambayo jeshi lilikuwa nayo tayari na mafundi wake waliifahamu vizuri. Mwaka 1955 wanafunzi walikwisha kuanza kufundishwa nayo kwa majaribio katika kituo cha jeshi cha Hullavington. Mnunuzi wa kijeshi haangalii bei ya ndege peke yake. Anapiga hesabu ya vipuri, vitabu vya matengenezo na muda wa kuwafunza upya mafundi, na hapo unafuu wa Student unayeyuka.

Rafiki wa Eastleigh
Naafikiana na Fundi, ila nguvu nazo zisisahaulike. Msukumo wa Marboré ulikuwa takriban kilo 400, ilhali injini ya Viper ya Jet Provost toleo la T.3 ilitoa karibu mara mbili ya huo. Baadaye Viper yenye nguvu zaidi ndiyo iliyowezesha Jet Provost kuzaa Strikemaster, yenye kubeba silaha, ambayo Kenya na Oman zilinunua. Kwa nchi yenye bajeti finyu, ndege inayofundisha na pia kushambulia ina mvuto ambao jeti ya darasani haiwezi kuwa nao.

MpendaAnga
Nimeelewa. Kwa hiyo wazo la jeti nafuu lilikufa?

Fundi Mstaafu
Hoja ya unafuu ilirudi, lakini aliyefaidika nayo ni mwingine. Mwaka 1985 Uingereza ilichagua Tucano, ndege ya pangaboi linalozungushwa na turbini, ichukue nafasi ya Jet Provost, na baadaye Kenya nayo ikanunua Tucano zilizoundwa na Shorts wa Belfast. Pangaboi hilo hunywa mafuta kidogo kuliko jeti, na kwa mwanafunzi wa hatua za awali kasi yake inatosha kabisa.