Mjadala: Je, bakteria wa utumboni wazingatiwe dawa inapoumiza ini?

Mdadisi: Ndugu wasomaji, sehemu kubwa ya parasetamoli hufungwa ndani ya ini, yaani huunganishwa na kemikali za mwili, salfeti au asidi ya glukuroni, kisha hutoka kwa mkojo; sehemu ndogo hugeuka sumu, na glutathioni, kemikali ya kinga ya mwili wenyewe, ndiyo huizima. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba wanaume wenye afya waliokuwa na kresoli nyingi kwenye mkojo kabla ya kumeza dawa walitumia salfeti kidogo kuifunga parasetamoli, na kresoli hiyo, kemikali ambayo nayo hufungwa kwa salfeti, asili yake ni bakteria wa utumboni. Je, madaktari wasianze kuwazingatia bakteria hao? Nakiri kwamba wengi wanaoumia ini wamezidisha dozi wenyewe.

Binti wa Mgonjwa: Hiyo sentensi ya mwisho imenichoma. Baba alipolazwa macho yakiwa manjano, aliulizwa mara tatu amemeza tembe ngapi za parasetamoli, na kila alipojibu alitazamwa kama mwongo. Nilimwaga pakiti zake juu ya shuka, nikahesabu matundu moja baada ya jingine: tembe 8 kwa siku, yaani gramu 4, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mtu mzima.

Mfamasia: Pole sana, dada. Swali hilo hurudiwa kwa sababu asetilisisteini, dawa ya kuzuia sumu hiyo, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu dozi iliyozidi kumezwa. Isitoshe, asiyekula kwa siku kadhaa au anayezoea pombe huwa na akiba ndogo ya glutathioni. Utafiti alioutaja Mdadisi ulipima mkojo tu. Haukuonyesha ini la mtu yeyote likiumia.

Binti wa Mgonjwa: Baba yangu hanywi pombe, na sikuuliza habari za pombe. Kwa nini kila maelezo huanzia kwenye kosa la mgonjwa?

Mdadisi: Naomba radhi kwa sentensi ile. Ndugu Mfamasia, kumbuka takrini, dawa ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993: ilipandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, ishara ya ini kuumia, kwa takribani nusu ya waliotumia, na kwa panya wa maabara walioumia zaidi ni wale ambao bakteria wao waliifungua tena dawa ambayo ini lilikuwa limekwisha kuifunga.

Mfamasia: Hao ni panya. Kwa mgonjwa aliye kitandani, bado lazima niulize dozi kwanza.

Binti wa Mgonjwa: Uliza, lakini andika ulichojibiwa. Faili la baba linasema "anakana kuzidisha dozi". Pakiti zilikuwa pale pale kitandani, na hakuna aliyeandika kwamba tembe zilihesabiwa.