Wateja wa waraka wa siku tisa: mnatafuta mwandishi au mganga?

Wanajamvi, salamu baadaye, nimefura. Niko Kisauni, Mombasa, saa sita usiku, stima ndiyo kwanza imerudi. Kama humu kuna mtu anayeajiri waandishi wa utafiti, asome mpaka chini, maana leo namsema yeye.

Kazi yangu ni kuandika zile nyaraka ndefu ambazo kampuni huzitoa zipate kuonekana zinajua mambo. Wateja hupenda kuziita "waraka mweupe", na wakitamka hivyo bei hawaipandishi hata shilingi. (Ule wa serikali ya Uingereza wa 1923, unaoitwa wa Devonshire, uliosema maslahi ya Waafrika yatangulie huku walowezi na Wahindi wakiigombania Kenya, nao ulikuwa waraka mweupe. Ule ulikuwa na serikali nzima nyuma yake. Mimi nina laptopu yenye betri ya dakika arubaini.)

Mteja wa safari hii ni kampuni ya ushauri wa usafirishaji, sitaitaja. Kurasa 20 kuhusu mizigo ya bandari ya Mombasa, reli na barabara. Sh4,500 kwa ukurasa, asilimia 30 mbele, siku tisa. Nikakubali. Kosa hilo ni langu, nalikiri kabla hamjanipiga mawe.

Siku tisa! Sheria yenyewe ya kupata habari, ya 2016, inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba takwimu. Yaani ningepeleka barua alfajiri ya siku ya kwanza, waraka ungekuwa umeshazinduliwa, wageni wameshakula sambusa zao na kupangusa mikono, na barua yangu ingali kwenye trei ya karani. Na karani hangekuwa amekosea lolote.

Wakanipa dondoo za kuanzia. Ukurasa mmoja tu, na katikati yake kichwa ambacho walishamkabidhi mchoraji: MALORI 3,836 HUTOKA BANDARINI KILA SIKU, na chini yake lori jekundu linatoa moshi. Nikauliza namba imetoka wapi. "Ni takwimu ya bandari, wewe andika tu."

Andika tu. Hilo neno ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Siku ya pili nzima iliishia kwenye namba hiyo moja. Nilifungua ripoti moja baada ya nyingine hadi nikaona kwamba mwaka 2019 bandari ilihudumia TEU milioni 1.4 na ushee, TEU moja ikiwa ni kontena la futi ishirini. Nikagawanya milioni 1.4 kwa siku 365. Ikaja 3,836. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mtu amezichukua TEU, akazibatiza malori.

Hata hivyo sikutaka kujiamini haraka. Nikapanda matatu hadi Changamwe kwa ami mmoja aliyeanza klaringi, kazi ya kutoa mizigo forodhani, tangu karatasi za forodha zikijazwa kwa kalamu. Nilimkuta na kahawa yake tungu. Akaishika simu yangu mbali na macho, akasoma, akauliza:

"Mwanangu, kontena la futi arubaini wamelihesabu mara ngapi?"

"Mara mbili, Ami. Kipimo chao ni cha futi ishirini."

"Na lori hulichukua kwa safari ngapi?"

"Moja."

"Haya. Na yale matupu yanayorudi melini?"

"Yamo."

"Na yale yanayoteremshwa hapa yakapakiwa meli nyingine, hata geti hayalioni?"

"Yamo pia, Ami."

"Na ya treni?"

Nikanyamaza. Akanirudishia simu, akampigia muuza kahawa ishara aniongezee kikombe.

Na huo mwaka 2019 wenyewe si wa kuokota namba moja na kuondoka nayo. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilikuwa imeanza Januari 2018. Agosti 2019 likatoka agizo la kupeleka mizigo Nairobi kwa reli ili ikatolewe huko. Mombasa ikaandamana, Oktoba agizo likasitishwa, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema lilikwenda kinyume cha Katiba. Kisha Septemba 2022, siku ileile ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Wenye magari na madereva walio humu hawahitaji kukumbushwa. Ukichora mstari wa malori kwa wastani wa mwaka mzima, umefukia palepale panapouma, na waraka ulikusudiwa kupazungumzia hapo.

Nikawaandikia kwa adabu zote. Nikawaeleza TEU ni nini, nikaonyesha hiyo 3,836 inavyopatikana, nikapendekeza tuseme tunachokijua na tuache malori yahesabiwe na wenye rekodi za geti. Jibu likaja baada ya siku mbili, siku ambazo nilizihitaji kama maji: "Mwaliko umeshachapishwa. Tafuta chanzo kinachounga mkono."

Hebu msome tena hapo. Chanzo kinachounga mkono. Basi ajirini wakili!

Halafu yakaja maoni ya watu watano kwenye faili moja. Mmoja anafuta, wa pili anarudisha, wa tatu kabadilisha "huenda" zote kuwa "bila shaka". Wa nne alibandika aya nzima iliyotoka kwa akili unde, tamu kama halwa, imetaja utafiti wa chuo fulani na mwaka wake. Nilikaa saa tatu nikiutafuta utafiti huo. Haupo. Sikuukosa kwa uvivu, haupo duniani. Nikamuuliza ameutoa wapi, akanijibu kwa kidole gumba.

Siku ya tisa nilipeleka kurasa 17. Tatu nilizitoa, zile zilizosimama juu ya malori 3,836. Mnajua walichofanya? Walizikubali zile 17, wakashukuru kwa "umakini", wakanikata Sh13,500 za kurasa tatu zilizopungua. Yaani kazi iliyonila siku nyingi kuliko zote, ya kugundua kwamba wangejifedhehesha mbele ya watu wa bandari, ndiyo niliyoilipia mimi. Ningenyamaza na kuzijaza uongo ningelipwa zote 20.

Ndiyo maana nasema ukurasa ni kipimo cha wapiga chapa. Kuandika kwenyewe kulinichukua siku mbili. Zilizobaki ziliishia kutafuta, kuuliza, kulinganisha na kutupa. Fundi wa mashua humlipi kwa idadi ya misumari iliyobaki ikionekana.

Kwa wanaoanza kazi hii, nisiwaache na hasira tupu. Mimi nimeweka daftari, la karatasi kabisa, na kila namba ina mstari wake: namba, kipimo chake, ukurasa, siku niliyoishusha, na nani aliyeisema mwanzo. Safu ya kipimo ndiyo iliyoniokoa safari hii. Ripoti nyingine huhesabu Januari hadi Desemba, nyingine Julai hadi Juni kwa mwaka wa fedha wa serikali, na mteja atakuletea zote mbili kwenye jedwali moja. Takwimu za pato la taifa nazo zina mtego wake: shirika la takwimu, KNBS, lilibadilisha mwaka wa msingi, ule ambao bei zake hutumika kulinganishia, mwaka 2021, kutoka 2009 kwenda 2016. Unganisha namba za ripoti ya kabla na ya baada bila kuangalia, utapata ukuaji ambao haukutokea popote ila kwenye grafu yako. Na ukiona ripoti mtandaoni, ishushe siku hiyohiyo. Kesho kiungo kitakuwa kimekufa na mteja atakuambia umebuni.

Jambo la pili nimelijua baada ya kuumia. Usianze kuandika. Siku ya tatu peleka ukurasa mmoja wa namba tupu, bila maneno ya kupamba, na mtu mmoja tu, mwenye jina na mamlaka, akubali au akatae kwa maandishi. Wakikataa, mnagombana mapema, kabla mchoraji hajalipwa. Mimi niligombana siku ya sita, na mchoraji alikuwa ameshalipwa. Nadhani hasa ndilo lililowauma, si ukweli wa malori.

Sasa naomba msaada wa kweli, si "pole mkuu". Nani ameshawahi kuandika mkataba unaotenganisha siku za utafiti na kurasa? Mmeiweka vipi bei ya siku? Na kama utafiti ukionyesha kwamba wazo la mteja halisimami, mmeandika nini ili mlipwe hata hivyo? Kipengele hicho tu nakitaka, mkibandike hapa kwa maneno yenu.

Wale wa "ungewaandikia tu wanachotaka, njaa haina heshima", nimeshawasikia tangu asubuhi kwenye simu, ndugu zangu wa damu mkiwa wa kwanza. Jina langu ndilo liko ukurasa wa pili. Mji huu ni mdogo, na ami wa Changamwe anasoma.

NYONGEZA YA ASUBUHI: Mhasibu wao kaniandikia. Anataka ankara mpya ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, isome kurasa 17, Sh49,500 zilizobaki, kabla ya ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, na malipo ni "mwisho wa mwezi". Hakusema mwezi upi. Tena rafiki kanitumia picha ya ukumbi wa uzinduzi. Bango limeshatundikwa, na lori jekundu lipo palepale na 3,836 yake.