Hati ya kughushi katika zabuni ya ujenzi: kuikataa zabuni kunatosha, au mkandarasi afungiwe?

Mjumbe wa Kamati

Ndugu wachangiaji, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya tathmini ya zabuni za ujenzi wa majengo ya serikali. Mzabuni mwenye bei ya chini kuliko wote ametuletea hati ya kukamilisha kazi ya jengo fulani, na tulipomwandikia mwenye jengo, akatujibu kwamba kampuni hiyo haikuwahi kufanya kazi yoyote pale. Baadhi ya wenzangu wanaona inatosha kuikataa zabuni hiyo na kuendelea na anayefuata. Wengine wanataka jina la kampuni lipelekwe kwenye mamlaka ya ununuzi ili ifungiwe kushiriki zabuni zote za umma. Mimi naelekea upande wa pili, lakini nina shaka: kampuni ikifungiwa leo, ni nini kitakachowazuia wenye nayo kusajili nyingine kesho?

Wakili Mstaafu

Ndugu Mjumbe, mnachanganya maamuzi mawili yenye wenyewe tofauti. Kukataa zabuni iliyobeba hati ya kughushi ni mamlaka yenu, tena ni wajibu wenu, wala hakungoji ruhusa ya mtu. Kufungia ni uamuzi wa chombo kingine, unaofikiwa baada ya mkandarasi kuandikiwa tuhuma zake, kupewa muda wa kujibu na kusikilizwa. Kinachotakiwa kwenu ni ushahidi uliokamilika: hati yenyewe, barua mliyomwandikia mwenye jengo, jibu lake, na ukurasa wa zabuni wenye saini ya mzabuni. Katika mashauri niliyoyashuhudia, mkandarasi aliponea kwenye jalada bovu mara nyingi kuliko kwenye utetezi mzuri.

Msisubiri hukumu ya jinai. Benki ya Dunia, kwa mfano, huwafungia wazabuni pale ushahidi unapoonyesha kwamba kosa lina uwezekano mkubwa wa kuwa limetendeka kuliko kutotendeka, kiwango kilicho chini ya kile cha mahakama ya jinai. Hilo linawezekana kwa sababu lengo la kufungia ni kuikinga fedha ya umma na mtu asiyeaminika. Kanuni za ununuzi za serikali kuu ya Marekani zinatamka waziwazi kwamba hatua hii haichukuliwi kwa ajili ya kuadhibu, na kwa kawaida muda wake hauzidi miaka 3. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2014, umeweka ukomo wa miaka 5 kwa waliotiwa hatiani kwa makosa kama rushwa na ulaghai, na miaka 3 kwa makosa mengine, isipokuwa pale hukumu ya mahakama ilipotaja muda wake. Maelekezo hayo yanamruhusu pia mkandarasi kurudi mapema, endapo atathibitisha kwamba amelipa au ameahidi kulipa hasara aliyosababisha, ameshirikiana na wachunguzi, na amebadilisha watu na taratibu zilizozaa kosa. Wanaodai kufungia milele wameshaacha kinga, wanatafuta kisasi.

Mkandarasi Mdogo

Naomba nipinge kidogo. Sisi tunaopewa vipande vya kazi na wakandarasi wakubwa ndio tunaoumia kwanza kampuni kubwa inapofungiwa, ilhali hatukughushi chochote. Kuna jambo jingine pia. Mwaka 2009 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliyatoza faini makampuni 103 ya ujenzi, jumla ya pauni milioni 129.2, kwa kupanga bei za zabuni, kisha taasisi za umma zikashauriwa zisiyaengue moja kwa moja makampuni hayo, kwa kuwa mchezo huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba hata ambao hawakutajwa hawakuweza kudhaniwa kuwa safi. Mkifungia kila mwenye doa katika soko lenye wakandarasi wachache, wawili watakaobaki watajipangia bei wapendavyo.

Mkadiriaji Majenzi

Hoja ya soko dogo ina uzito kwa makosa yaliyoenea, lakini hati ya kughushi si desturi ya soko. Ni uamuzi wa mtu mmoja aliyekaa na kuitengeneza.

Nikirudi kwenye shaka ya Ndugu Mjumbe, jibu ni kwamba amri inayotaja jina la kampuni peke yake haina meno. Ni lazima itaje wakurugenzi, wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaofaidika na kampuni hata kama majina yao hayaonekani, na kampuni tanzu, yaani zile zinazomilikiwa nayo. Benki ya Dunia ilipoifungia kampuni tanzu ya SNC-Lavalin ya Kanada kwa miaka 10 mwaka 2013, kufuatia mradi wa daraja la Padma huko Bangladesh, zaidi ya makampuni mia moja yenye uhusiano nayo yaliingia kwenye orodha hiyohiyo ya waliofungiwa. Aidha, tangu mwaka 2010 benki tano za maendeleo, ikiwemo ya Afrika, zimekubaliana kwamba anayefungiwa na moja kwa zaidi ya mwaka mmoja aweze kufungiwa na zote.

Kwenye kamati, kampuni mpya hujitambulisha kwa vitu vyake: mitambo yenye namba zilezile za usajili, wasifu wa mhandisi yuleyule, anwani ileile, wakati mwingine hata jedwali la bei lenye makosa yaleyale ya kujumlisha. Msajili wa makampuni atawapa majina. Vitu hivyo vitawaonyesha ni nani aliyejificha nyuma ya majina hayo.

Mjumbe wa Kamati

Nawashukuru. Nimegundua kwamba kampuni hiyo ina mkataba unaoendelea na taasisi nyingine, na kazi imefika kwenye paa. Ikifungiwa, mkataba huo unakufa?

Wakili Mstaafu

Haufi wenyewe. Kufungia huangalia zabuni zijazo, na mkataba uliopo huvunjwa kwa masharti yake tu. Hata hivyo, iandikieni taasisi hiyo mapema, ili ikague hati zilizoipatia kampuni kazi hiyo, ihakikishe kwamba dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kulipa mkandarasi akishindwa kazi, bado iko hai kwa kuuliza benki iliyoitoa moja kwa moja, na isiongeze kazi za ziada kwenye mkataba huo kabla ya shauri kuamuliwa. Kama hati iliyotumika kule ni ileile mliyoikamata ninyi, basi hapo kuna sababu ya kuuvunja.