Baba alikuwa baharia, kafariki na saratani ya asbestosi, tuna haki ya kudai?

Asalaam alaykum jamani. Baba alifanya kazi meli za Uingereza miaka ya 70, chumba cha injini, akitwambia walikuwa wakibandua magamba ya asbestosi (nyuzi za madini za kuzuia joto) kwenye mabomba ya mvuke mpaka vumbi jeupe linamganda kwenye nyusi. Mwaka jana kafariki, mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Kampuni ishafungwa zamani. Mama yuko Wete, afanyeje?

Jibu: Pole sana dada angu. Kampuni kufungwa si mwisho wa kesi, maradhi haya hutokea hata miaka 20 mpaka 50 baadae kwa hivo kule Uingereza hutafutwa shirika la bima lililoikatia bima kampuni wakati ule. Ila msikae! Sheria yao kawaida inatoa miaka 3 tu ya kufungua kesi.

Jibu: Kitabu chake cha ubaharia mnacho? Hicho ndo ushahidi, pamoja na majibu ya kinyama alichokatwa kupimwa na cheti cha kifo. Anzieni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na wakala akitaka pesa kwanza msimpe.

Muulizaji: Kipo kashani kwa mama, kimelowa pembeni lakini majina ya meli yanasomeka. Ahsanteni, Jumatatu nakwenda.